Jasho la Majani ya Kamunyu

Siku ya tatu baada ya harusi, Sebarenzi alimchukua Godelieve, mke wa mdogo wake Viateur, akamwonyesha shamba. Walishuka kutoka Burungu, Sebarenzi mbele na fimbo yake ya ng'ombe, Godelieve nyuma na jembe begani, mpaka chini kabisa ya kilima, ambako chemchemi ya maji ya moto hutoka kati ya mawe na kusambaa polepole udongoni. Mahali pale panaitwa Kamunyu, kwa sababu ya munyu, yaani chumvi. Ng'ombe wa kilima kizima walikuwa wakiteremka pale kulamba ardhi.

"Hapa njo kwenu, shamba yenu ni hii," Sebarenzi alisema. "Kule juu tulisha kugawana na wandugu. Viateur alikuwa mbali na kazi ya barabara, hakusema kitu. Inabaki hapa tu."

Godelieve alitazama. Udongo ulikuwa wa kijivu, umepasukapasuka, na mahali pengine ulikuwa mweupe kana kwamba mtu amepita na unga akaumwaga. Hapakuwa na mti wala mgomba. Kilichoota ni nyasi fupi, ngumu, za kijani kilichofifia, zilizokaa kwa mafungu mafungu. Aliinama, akang'oa jani moja, akalitafuna.

Sebarenzi alitabasamu. "Shemeji, ile ni chakula ya ng'ombe."

"Najua, Papa. Nilitaka kusikia utamu yake."

"Na ulisikia nini?"

"Iko na munyu," Godelieve alijibu. "Lakini munyu iko inje ya jani. Ndani haiko mingi."

Sebarenzi hakuelewa maneno hayo, na Godelieve mwenyewe hakuyaelewa vizuri siku ile. Ulikuwa mwaka wa 1941, naye alikuwa na miaka kumi na tisa.

Hakuwa mtu wa milimani. Alizaliwa Kibua, upande wa Walikale, katika msitu ambako jua hufika chini kwa vipande. Viateur alikuwa amekwenda huko na kundi la watengeneza barabara. Alimwona misani, akarudi misa iliyofuata, na iliyofuata, mpaka baba yake Godelieve akamuuliza kama anakuja kwa Mungu ao kwa mtu. Walipopanda pamoja hadi Burungu, wake za kaka zake Viateur walimpokea kwa wema, ila walisemezana kwamba binti wa msituni hataweza baridi, wala hataweza kulima mteremko.

Hayo yote alijifunza. Kile alichokuja nacho kutoka kwao ni ulimi. Huko Kibua chumvi ya dukani ilifika mara chache, ikiwa imelowana na kuwa kidogo. Mama yake Godelieve aliipata kwenye mimea. Alikwenda kwenye vinamasi, akakata matete na majani fulani ya majini, akayaanika, akayachoma, kisha akaweka majivu ndani ya chungu chenye matundu na kuyamwagia maji. Maji yaliyodondoka aliyachemsha mpaka yakakauka, na chini ya sufuria ikabaki chumvi ya kijivu, chungu kidogo, lakini chumvi. Si kila mmea ulifaa. Ili kujua, mama yake alitafuna. "Mimea iko kama bantu," alikuwa akimwambia binti yake. "Ingine inakula munyu na kuiweka ndani. Ingine inaikataa kwenye mulango. Ulimi yako itakuonyesha." Godelieve alianza kutafuna mimea kabla hajajua kusali Baba Yetu.

Msimu wa kwanza alipanda maharage Kamunyu. Yaliota. Jani la kwanza likatoka, na la pili, na jani la tatu lilipofunguka kingo zake zilikuwa za kahawia, kama zilizopitishwa motoni. Katika juma moja shamba lote lilikauka, ingawa mvua ilikuwa ikinyesha. Alipanda tena. Yakafa tena, siku ileile, jani lilelile. Wake za kaka za mumewe walimletea maharage ya kwao ndani ya kikapu na hawakumcheka, jambo ambalo lilimuumiza zaidi.

Kisha Viateur akachukuliwa kwenda migodini, kama wanaume wengi katika miaka ile ya vita. Godelieve alibaki na mimba, na shamba lisilozaa. Binti yao Epiphanie alizaliwa mwezi wa nane wa mwaka 1942. Godelieve alilima mashamba ya watu huko juu ili wale, na Kamunyu aliiacha ikae ilivyo.

Mwishoni mwa mwaka 1943 mvua ya Septemba haikuja. Oktoba ikapita, Novemba ikaja na vumbi. Habari za njaa zilivuka kutoka Rwanda, na nyuma ya habari wakaja watu wenyewe, wembamba, wakiomba kazi ya kulima mashamba yasiyokuwa na cha kulima. Huko juu ya kilima viazi vilibaki vidogo kama vidole. Migomba ilining'iniza majani yake. Malisho ya ng'ombe yakageuka rangi ya kamba kuukuu.

Godelieve alishuka Kamunyu kwa kuwa hakuwa na mahali pengine pa kutafuta samadi kavu ya kuwashia moto. Alitegemea kukuta jangwa. Kadiri jua lilivyokausha udongo, chumvi ilikuwa imepanda juu, na ardhi ilikuwa nyeupe kuliko alivyowahi kuiona. Ilivunjika chini ya miguu yake kwa mlio mdogo. Kiu ilitoka juu, chumvi ilitoka chini, na katikati ya hayo mawili nyasi zile fupi zilikuwa kijani. Hazikuwa na afya ya kujivunia, lakini zilikuwa hai. Alisimama akizihesabu mafungu kana kwamba huenda macho yanamdanganya.

Tangu siku ile alishuka kila mara, amembeba Epiphanie mgongoni. Saa sita ya mchana aliona kila jani limejizungusha likawa kama sindano, upande laini umefichwa ndani ili jua lisiuguse. Asubuhi aliyakuta yamefunguka tena. Yalifanya hivyo kila siku, fungu zima kwa pamoja, kama watu wanaofunga na kufungua madirisha ya nyumba zao.

Asubuhi moja, jua likiwa bado halijashika nguvu, alipitisha kiganja juu ya fungu moja na kuhisi mchanga. Alitazama. Majani yalikuwa yamejaa punje ndogo zinazong'aa. Alilamba kiganja chake.

Ilikuwa chumvi. Haikuwa na uchungu wa majivu wa chumvi ya kwao Kibua. Ilikuwa kali, safi, chumvi tupu.

Alifikiri mvuke wa chemchemi ndio unaoileta, ao upepo unaoinua ule unga mweupe. Kwa hiyo jioni alirudi na kitambaa chenye maji, akafuta mafungu matano, jani kwa jani, mpaka ulimi wake haukusikia kitu. Kisha akayafunika kwa vikapu na kuweka mawe juu yake. Aliporudi asubuhi, aliinua kikapu cha kwanza kwa mikono miwili kama mtu anayefunua chakula cha mgeni.

Majani yalikuwa yameng'aa tena. Kikapu cha pili, vilevile. Cha tatu, cha nne na cha tano, vilevile.

Godelieve aliketi chini kwenye ule udongo mweupe, akamshusha Epiphanie mapajani. Hakuna kilichodondoka kutoka juu. Chumvi ilikuwa imetoka ndani ya jani lenyewe. Maji yaleyale yaliyochoma maharage yake, nyasi hizi ziliyanywa. Zikachukua maji, na chumvi zikaipandisha mpaka kwenye ngozi na kuitupa nje, kama mtu anavyotoka jasho. Zilikuwa zikifanya kazi hiyo pale, mbele ya ng'ombe na wachungaji wao, tangu kabla mtu yeyote hajaipa Kamunyu jina. Baadaye alisema kwamba alijisikia vile anavyojisikia kanisani wakati kengele ya mageuzo inapolia na watu wote wananyamaza.

"Majani iko inatoka jasho," alimwambia Sebarenzi siku hiyo.

"Jua imekupiga, Mama Epiphanie," Sebarenzi alijibu, lakini alimfuata kwenda kuona. Alikuta ng'ombe wake wawili wameacha kulamba udongo. Walikuwa wakilamba majani, taratibu, fungu baada ya fungu. Alisimama muda mrefu akiwatazama. Alikuwa amechunga ng'ombe pale miaka thelathini na hakuwahi kuliona hilo.

Miaka ile ya vita chumvi ilikuwa imekosekana madukani. Asubuhi asubuhi Godelieve alikung'uta majani juu ya kitambaa na kupata chumvi ya kujaza kiganja. Majani makavu aliyachoma na kuyachuja kama mama yake alivyomfundisha, akapata zaidi. Wanawake wa Burungu waliteremka na vibuyu vyao, naye aliwafundisha kukung'uta bila kuvunja jani. Wake za kaka za mumewe ndio waliokuwa wa kwanza kuziita nyasi zile majani ya jasho, na jina likakaa.

Viateur alirudi mwaka 1946 na kikohozi. Alilala hospitali Kirotshe miezi miwili, na alipopanda kurudi nyumbani alikuwa mtu wa kupumzika kila baada ya hatua mia. Alitazama shamba lake la Kamunyu, likiwa limejaa nyasi, na uso ukamshuka.

"Tutaenda tuombe udongo pengine," alisema. "Hapa ni mahali ya ng'ombe. Kaka yangu alinipa kaburi."

"Ungoje kidogo, Papa Epiphanie."

"Ningoje nini? Miaka tano umengoja."

"Sijue bado," Godelieve alisema. "Ile majani iko inajua kitu. Mimi njo sijajua."

Viateur hakuwa mtu wa kugombana, na zaidi ya hapo hakuwa na nguvu ya kuhama. Walikaa.

Mwaka uliofuata alikuja Marcellin. Alikuwa moniteur, mwalimu wa kilimo, kijana wa miaka ishirini na tano aliyesoma shule ya kilimo na kuvaa kofia hata ndani ya nyumba za watu. Kazi yake ilikuwa kuzunguka vilima kuona kama watu wamelima walivyoagizwa. Aliposhuka Kamunyu alisimama pembeni ya shamba, akatikisa kichwa.

"Mama, hii yote ni majani mubaya. Inapaswa kuing'oa. Juma ijayo nitarudi kuangalia."

Godelieve hakubisha. Aliinama, akachuma jani moja kutoka kwenye fungu lililokuwa kivulini, akamnyoshea. "Bwana moniteur, kwanza ulambe."

Viateur, aliyekuwa amekaa juu ya jiwe, alitaka ardhi ifunguke immeze. Mtu wa serikali aambiwe alambe nyasi kama mbuzi. Marcellin alimtazama Godelieve kuona kama anamdhihaki. Hakuona dhihaka. Alivua kofia, jambo ambalo wote walilikumbuka, akalamba.

Alilamba tena. Kisha akaomba jani jingine, akalifuta kwa shati lake, akalitafuna.

"Ndani haiko sana," alisema.

"Njo vile," Godelieve alisema, na kwa mara ya kwanza katika miaka sita alikuwa na mtu wa kuzungumza naye.

Marcellin hakurudi juma lililofuata kuangalia kama nyasi zimeng'olewa. Alirudi na swali. Alikuwa amelifikiria njiani kote, akipita mashamba ya watu bila kuyaona. "Jasho inatoka kwa maji," alimwambia Godelieve. "Wakati ya jua kali, wakati udongo yote imekauka, hii majani inatoa maji wapi?"

"Tuchimbe, tutaona," Godelieve alisema.

Walichimba mwezi wa Julai 1948, kiangazi kilipokuwa kimekaza. Sebarenzi alikuja kutazama, akaona wanavyoshika jembe vibaya, akamnyang'anya Marcellin. Walichagua fungu moja lililokuwa peke yake na kuchimba pembeni yake, ili Godelieve afuate mzizi kwa mikono na kijiti.

Shubiri ya kwanza ilikuwa ile nyeupe. Chini yake walikuta tabaka la kijivu, gumu kama kitako cha sufuria. Jembe lililia likaruka. Hapo Godelieve aliwaonyesha vijizizi vikavu vya maharage yake ya zamani ambavyo chumvi haikuviacha vioze, vilivyofika juu ya tabaka lile vikageuka na kutambaa ubavuni, vikitafuta mlango. Mizizi ya nyasi haikugeuka. Ilikuwa imepenya. Mmoja ulikuwa umepita katikati ya bonge ambalo Sebarenzi alihitaji mapigo matatu kulivunja, nao haukuwa mnene kuliko uzi wa kushonea.

Walifika kiunoni. Mzizi uliendelea. Walifika mabegani. Sebarenzi alitoka, Viateur akaingia ingawa walimkataza, kwa sababu sasa alitaka kuona mwenyewe. Godelieve alikuwa amelala kifudifudi ukingoni mwa shimo, akifuata ule uzi kwa kijiti, akipuliza udongo kwa mdomo ili asiukate. Kichwa cha Viateur kilipozama chini ya ukingo, sauti yake ilitoka ikiwa imebadilika.

"Iko baridi huku," alisema. "Iko mchanga. Iko na maji."

Alinyosha mkono juu akiwa ameshika mchanga mweusi, uliolowa. Marcellin alionja. Ulikuwa na chumvi kidogo sana, kama mchuzi wa mtu mwenye haraka. Na ndani ya mchanga ule, kwa kina kinachomzidi mtu mzima, mizizi ya nyasi isiyofika goti ilikuwa imetawanyika myeupe na mingi, ikinywa.

Sebarenzi aliweka fimbo yake kando ya fungu lile la nyasi, akapima kwa macho sehemu iliyo juu na sehemu iliyo chini. Juu ilikuwa kiganja kimoja na nusu. Aliondoa fimbo, akaishika kwa mikono miwili. "Na sisi tulikuwa tunatembea juu yake," alisema.

Ni Godelieve aliyeona jambo lililobaki. Alitaka kunawa mikono, akamwaga maji ya kibuyu kwenye ardhi tupu. Yalituama pale, yakakaa kama juu ya bamba. Mengine yalidondoka karibu na fungu la nyasi, na hayo yalizama mara moja. Alimwaga tena, mahali pengine, na tena. Kila mahali ilikuwa vilevile. Mizizi ya zamani ilipokufa iliacha vitundu vyembamba vilivyotoboa lile tabaka gumu mpaka chini. Nyasi zilikuwa zimemtobolea mlango.

"Kama maji inaweza kushuka," alimwambia Marcellin, "munyu nayo itashuka pamoja nayo. Ao siyo?"

Marcellin alikuwa amekaa juu ya bonge la udongo na kofia yake magotini. "Inaweza," alisema polepole. "Kama maji ni mingi, na kama chini iko na mahali ya kutokea."

Majuma machache baadaye alileta kioo cha kukuzia ambacho agronome, mkubwa wake wa kilimo, alimwazima, lupu wanaita. Alimfundisha Godelieve kufumba jicho moja. Godelieve aliweka jani chini ya kioo na kuacha kupumua. Zile punje alizozijua kwa ulimi na kwa vidole hazikuwa mchanga. Kila moja ilikuwa na pembe zilizonyooka na pande zilizo sawa, kama vijumba vilivyojengwa na fundi asiyekosea, vimepangwa mistari juu ya jani. Na pale palipokuwa hapajatoka punje, aliona tone dogo sana la maji juu ya kinundu cha jani, likisubiri jua lilikaushe.

"Nani anaijenga vile?" aliuliza.

"Hakuna muntu, Mama. Munyu yenyewe, wakati inakauka, inajipanga."

Godelieve aliangalia mpaka shingo ikamuuma. Aliita Viateur, akaita Epiphanie, akaita wake za kaka za mumewe waliokuwa wakipita na mitungi. Wote walifumba jicho moja kwa zamu. Mmoja wao alifanya ishara ya msalaba kabla ya kurudisha kioo.

Kazi iliyofuata ilichukua miaka. Walichimba mfereji kutoka kijito cha maji matamu kilicho juu ya kilima, na mfereji mwingine chini wa kutolea maji yenye chumvi kuelekea bondeni, mbali na mashamba ya watu. Msimu wa mvua waliachia maji yapite kwenye nyasi siku nyingi, yazame kwenye vitundu vile. Nyasi hawakuzing'oa. Walizikata na kuzibeba, chumvi ikiwa juu yake, wakawapa ng'ombe wa Sebarenzi, na kila mara zilichipua tena.

Makosa yalikuwepo. Mwaka wa kwanza wa kupanda Godelieve aliinua matuta mazuri, akaweka mtama juu kabisa ya tuta kama kila mtu. Ulikufa wote. Alikaa mbele ya matuta yake asubuhi nzima, akitazama, na mwisho aliona kwamba kilele cha kila tuta kilikuwa cheupe na mabega yake yalikuwa meusi. Chumvi ilikuwa ikipanda na unyevu mpaka kileleni na kubaki pale. Msimu uliofuata alipanda ubavuni mwa tuta, katikati ya kilele na mfereji. Mtama ulisimama. Haukuwa mrefu, lakini ulitoa vichwa, na Viateur alikwenda mara mbili kwa siku kufukuza ndege ambao hawakuwa wengi.

Baada ya mtama vikaja viazi vitamu. Maharage yaliendelea kukataa. Godelieve aliyajaribu kila mwaka mahali pale palipokuwa pamesafishwa zaidi, mstari mmoja tu, na kila mwaka jani la tatu lilitoka na kingo za kahawia. Mwaka 1952 kahawia ilikuja ikiwa nyembamba, na mimea michache ikatoa maua. Mwaka 1953 jani la tatu lilifunguka likiwa kijani mpaka ukingoni.

Alikuwa peke yake siku ile. Hakumwita mtu. Alikwenda mstari mzima akiwa amepiga magoti, akigusa jani la tatu la kila mmea, kisha akarudi akigusa la nne. Jioni alipofika nyumbani Viateur aliona magoti ya nguo yake yamejaa udongo, akamuuliza kama ameanguka.

"Hapana," alisema. "Maharage imekubali."

Walikula maharage ya Kamunyu Januari iliyofuata, Sebarenzi akiwa mgeni wa kwanza. Alikula sahani mbili. Alipomaliza alisema mbele ya wandugu wote kwamba siku ile alipompa mdogo wake shamba lile alijua anampa kitu kibaya, na kwamba amebeba jambo hilo moyoni miaka kumi na miwili. Viateur alimwongezea maharage. Sehemu ya chini, karibu na chemchemi, haikusafika kamwe, na Godelieve hakuilazimisha. Aliwaachia nyasi na ng'ombe. Watu kutoka vilima vingine vyenye mabonde ya chumvi walikuja kuomba vipandikizi vya majani ya jasho. Marcellin aliwaleta mwenyewe, na mbele yao hakufundisha yeye. Alikaa pembeni akamwachia Godelieve aseme.

Mwaka 1955 Godelieve na Viateur walishuka kwenda Kibua kuwasalimia wazee, kwa miguu, kwa kuwa Viateur sasa aliweza. Watu walio na haraka hufanya safari ile kwa siku nne. Siku ya kwanza walipita kwenye ardhi ya mawe meusi yaliyomwagwa zamani na mlima wa moto, na Godelieve alisimama mbele ya ufa ambamo kulikuwa na kijimea cha majani yaliyojikunja, makavu kabisa, ya kuvunjika kama tumbaku. Alikimwagia maji kutoka kibuyu chao na kuketi.

"Ile ilisha kufa," Viateur alisema.

"Labda."

"Tuko na safari, Mama Epiphanie."

"Ungoje kidogo."

Viateur aliweka mzigo chini. Kivuli cha mwamba kilisogea upana wa mkono, kisha mkono mwingine. Jani moja lililegea. Baadaye likaanza kujikunjua, polepole kiasi kwamba huwezi kuliona likisogea, unaona tu kwamba limesogea. Na ndani yake, mahali palipokuwa pamefichwa, palikuwa kijani. Kisha likafuata la pili, na la tatu. Viateur alichuchumaa. Alisogeza uso wake karibu, akafumba jicho moja kama Marcellin alivyowafundisha, ingawa lupu hawakuwa nayo.

Wazee wao waliwapokea Kibua siku ya sita.